Mwaka Aliokuja Audax na Bisibisi Zake

Nilichukua laptopu ya binamu yangu Audax, nikaizungushia mifuko miwili ya nailoni na kipande cha gunia la mbolea, nikaiteremsha kwenye shimo la kuivishia ndizi nyuma ya nyumba yetu, nikaifunika kwa majani makavu ya mgomba. Ndiyo, kompyuta, kwenye shimo la ndizi. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu hapa Ihembe huianzia hadithi hii hapo, na kila mtu huisimulia vibaya. Wengine husema niliizika kama maiti, wengine husema niliipika, na jirani yetu Mama Koku hupenda kuongeza kwamba nilikuwa nimelewa, wakati asubuhi ile nilikuwa nimekunywa uji tu. Akili zangu zilikuwa timamu kabisa, na ubaya wenyewe uko hapo. Mlevi angechoka, akaiacha njiani.

Desemba iliyopita Audax alikuja kula sikukuu kwetu. Amerefuka, ameota vindevu vichache anavyovishikashika akifikiri, na yuko kidato cha sita huko Bukoba, mwaka mmoja mbele yangu kama kawaida yake. Alikaa kwenye kochi akafungua begi kutafuta chaja, na mimi nikajikuta nachungulia ndani ya begi hata kabla sijamuuliza kama shangazi hajambo. Niliona vifaa vipya, waya zimekunjwa kwa adabu, kila moja na kamba yake. Nikahisi kile kitu tena, hapa juu ya kitovu, kama nimemeza barafu nzima. Nilidhani kilishakufa, kumbe kilikuwa kimelala. Jina lake ni wivu, na mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu kilikaa kwangu muda mrefu kiasi kwamba kingekuwa mpangaji ningekitoza kodi. Audax aliniona ninavyochungulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama lile shimo bado lipo, ili ajue begi alilaze wapi. Nilicheka, lakini macho yalibaki kwenye begi.

Kabla hajaja, Injinia wa Ihembe nilikuwa mimi. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya kahawa, chumba cha tofali za kuchoma kisicho na dirisha ila tundu la hewa, kinachonuka maganda ya kahawa hata msimu ukiwa umeisha. Nusu ya chumba ilikuwa ya magunia, nusu ilikuwa yangu. Meza yangu ilikuwa mlango wa zamani wa choo uliolazwa juu ya matofali. Niliusugua vizuri sana, lakini wateja walioijua historia yake hawakuuegemea. Juu ya bati kulikuwa na paneli ya sola, chini ya meza betri ya gari, na katikati yake waya nilizoziunga mwenyewe kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Laptopu yangu nilipewa na mwalimu wa fizikia alipoikatia tamaa. Haikuwa na betri, ilikula umeme moja kwa moja kutoka kwenye waya, na waya wenyewe ulikuwa na hasira za karibu: ukiugusa, kompyuta inazima, inzi akitua, inazima. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kumenya ndizi za familia nzima, ukarudi, ukaikuta bado inakukaribisha. Bisibisi yangu ilikuwa spoki ya baiskeli niliyoinoa kwenye jiwe. Kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha nilitumia msumari mnene uliowekwa kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu. Betri ndogo niliipima kwa ulimi, betri kubwa nilikisia.

Na mambo yalikwenda. Watu waliniletea simu zilizokataa chaja, redio zilizopoteza sauti, tochi, flashi za kujaziwa nyimbo za kwaya. Walikaa nje kwenye ubao wakisubiri, wakisimuliana habari za mashamba, na mimi ndani nikijifanya sisikii huku nasikia yote. Simu nyingi zilipona. Zilizokufa nilisema zilifika zikiwa zimeshakufa, na kwa kuwa nilisema kwa huzuni, waliniamini. Mama peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuketi, si ndani wala kwenye ubao. Alikuwa anasimama mlangoni na mwiko mkononi, ananiuliza kama nimemaliza kuchezea umeme, kwani kuni hazijakatwa.

Audax aliletwa Januari. Shangazi alikuwa amehamishiwa Nyakahanga, ni muuguzi, na chumba alichopewa kilimtosha yeye na kitanda. Kwa hiyo mwanawe akaja kumalizia kidato cha nne akiwa kwetu. Alishuka kwenye bodaboda begi likiwa kifuani, amelikumbatia kama mama anayenyonyesha, na sanduku la nguo limetupwa nyuma kama mzigo usio na mwenyewe. Kwa mpangilio wa ukoo Mama ni mke wa mjomba wake, na majina ya kumwita yapo tele. Yeye akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, Mama." Tena bila haraka. Mama akaitikia marahaba mwanangu, akamshika mabega, akamgeuza kama mtu anayechagua kitambaa sokoni, akasema amekonda. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mwembamba kuliko yeye, na sikugeuzwa na mtu.

Siku ya pili aliomba ruhusa kuingia ofisini kwangu. Aliomba ruhusa, hilo liliniuma kuliko kama angeingia kwa teke. Akatandika kitambaa cheusi juu ya meza yangu, akakikunjua polepole, na humo ndani mkawa na bisibisi zimepangwa kwa kimo kama kwaya ya watoto, kila moja na mfuko wake. Akaigusisha moja kwenye skrubu ndogo ya simu, ile saizi ambayo mimi ikinidondoka nilikuwa naitafuta kwa magoti kati ya punje za kahawa, na skrubu ikaruka yenyewe ikanata kwenye ncha. Ilikuwa na sumaku. Akatoa pasi ya kuchomelea risasi yenye kitufe cha kupunguza na kuongeza joto. Akatoa mita ya namba, ambayo waya ukiwa mzima inalia pii, na ukiwa umekatika inakaa kimya. Halafu laptopu yenyewe, nyeusi, nzito, haikuwa mpya lakini imetunzwa. Ule mfumo tuliouzoea sote alikuwa ameuondoa, akaweka mwingine wa bure ambao, alinieleza, haushiki virusi ovyo na hauombi namba za leseni za kuiba. Alifungua dirisha jeusi akaandika maneno machache meupe, mashine ikatii. Mimi ya kwangu nilikuwa naibembeleza.

Alinieleza yote hayo kwa upole. Kila kitu Audax alikifanya kwa upole. Ukitaka kujua mateso ni nini, mwonee mtu wivu halafu awe mpole. Mwenye dharau unamchukia, unalala. Huyu alinipa bisibisi nijaribu, akasifia waya zangu za tyubu, akasema kule Bukoba hakuna mtu angeweza kuendesha vitu vyote hivi bila vifaa. Nikasikia neno moja tu: bila vifaa. Usiku nililala nikilitafuna.

Haikuchukua muda wateja wakahama. Hawakuhama kwa vita, walihama kwa aibu, na hiyo ni mbaya zaidi. Mama Koku alikuja na redio yake iliyokuwa mgonjwa wangu wa kudumu, akanikuta mlangoni, akaanza kunisalimia mara mbili mbili, akauliza habari za masomo, akatazama juu ya bega langu, na mwisho akasema kama Audax yupo angependa amsalimie. Alimsalimia na redio mkononi. Ikarudi nyumbani kwake inaimba, na siku nzima ile aliiweka kwenye kibaraza, imeelekezwa kwetu. Nilijaribu kupambana. Niliandika kwa mkaa kwenye mlango kwamba Injinia Mkuu yupo ndani. Audax alipita, akasoma, akaongeza chini yake kwa herufi nzuri: karibuni. Nikashindwa hata kumfutia.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya jiko napasua kuni, na ukuta wa jiko letu ni wa miti na udongo, hauna siri. Mama na Mama Koku walikuwa wanamenya ndizi za jioni. Walianza na mtu wa Kimuli aliyeuza kahawa ikiwa bado maua, wakaenda kwenye mavazi ya mke wa mwinjilisti, wakafika kwetu. Mama Koku akasema huyu mgeni wenu ni zawadi. Nikasikia kisu kinaendelea, kisha Mama akasema, "Yule mtoto ana mikono." Basi. Nilisimama na shoka nikiangalia mikono yangu mwenyewe, miwili, ya kawaida, ina malengelenge. Nilijua alichomaanisha. Lakini nilisubiri aongeze kitu, jina langu hata kwa bahati mbaya, na maongezi yakahamia kwenye bei ya chumvi.

Sasa nifike kwenye simu ya Mama. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Kimuli, kule Kyerwa, na alikuwa amefariki miezi michache kabla ya mwaka huo kuanza. Mama alimuuguza. Na katika zile siku za kuuguza alikuwa anawasha simu na kumrekodi akiongea, akiimba kile kibembelezo cha Kinyambo alichotuimbia sote tukiwa wadogo, akigombeza watu. Sauti hizo zilikaa kwenye simu, ndani ya simu yenyewe na si kwenye kadi, na Mama alikuwa akizisikiliza akiwa peke yake shambani. Tulijua kwa sababu alikuwa anarudi na macho mekundu na kibuyu cha maji kikiwa kimejaa, hajanywa. Siku moja simu ikateleza kutoka kwenye kanga ikazama kwenye beseni la maharage yaliyolowekwa. Kuitoa akaitoa, akaizika kwenye gunia la kahawa kavu inyonywe maji, maana mchele kwetu ni kitu cha sikukuu. Ilikaa humo. Ilipotoka ilinukia vizuri sana, lakini haikuwaka.

Tulikuwa mezani, ndizi na maharage hayo hayo, Baba ameshamaliza anachokonoa meno. Mama akatoka chumbani na simu imefungwa kwenye leso. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Simu ya mama yako imekufa na wewe ni Injinia, mkono unakwenda. Leso ikapita juu ya mkono wangu ikatua mbele ya Audax. Mama akamwambia, "Mwanangu, humu yumo mama yangu. Nisaidie kumtoa." Mkono wangu bado ulikuwa hewani. Nikaupeleka kwenye chumvi. Nikatia chumvi kwenye ndizi ambazo tayari zilikuwa na chumvi, nikazila zote, na hakuna aliyeona.

Audax aliifanya kazi ile kwa siku kadhaa akitoka shule. Nilikaa kwenye gunia nikitazama, sikuweza kutotazama. Aliifungua, akasugua ubao wake kwa spiriti na mswaki laini, akapima kila njia kwa ile mita, pii, pii, kimya. Mwisho akailisha umeme kutoka nje, bila betri, kidogo kidogo, na kioo kikaonyesha mwanga hafifu. Akachomeka waya kwenye laptopu na kuanza kuvuta sauti moja baada ya nyingine, jasho likimtoka puani. Alipomaliza ya mwisho, simu ikatoa kaharufu, ikazima, na tangu hapo haijawahi kuwaka tena. Aliita, "Mama, nimempata." Mama akaja akaketi. Aliketi kwenye gunia la kahawa, ofisini kwangu, akavaa vile visikio vikubwa vya Audax kichwani juu ya kitambaa, akafumba macho. Nilitoka nje. Nilijiambia nakwenda kufunga mbuzi.

Kulikuwa na mvua kwenye zile sauti, mvua ya Kimuli ikipiga bati. Audax akasema ana programu ya kusafisha, ataiondoa mvua abaki bibi peke yake, ila itachukua muda, na hataki kusambaza nakala chafu kabla ya kumaliza. Akishamaliza ataziweka kwenye flashi, kwenye simu ya Baba, kila mahali. Nilisikia kwa masikio yangu. Yaani nilijua kwamba sauti ya bibi ipo mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni ile laptopu nyeusi. Nalisema hili ili mtu asije akanitetea.

Kila jioni Mama alikuwa anakwenda stoo kusikiliza kazi imefika wapi. Anamwambia Audax huyu hapa anayekohoa ni fulani, huyo jogoo ni wa jirani. Wanacheka. Mimi nikiingia, wanahamisha miguu nipite.

Nikapanga. Mpango wangu ulikuwa rahisi na ulikuwa wa kijinga, lakini ukiwa na wivu ujinga unang'aa kama chombo kipya. Laptopu ipotee nusu siku. Audax aonekane mzembe, mtoto wa mjini anayeacha vitu ovyo. Mama ahangaike kidogo. Halafu mimi niipate, niingie nayo mikononi, na kwa mara moja simu, sauti, mama, vyote vipitie kwangu. Jumamosi asubuhi Audax alikwenda kisimani, nikafanya nilichosema mwanzo. Shimo nililichagua kwa sababu lilikuwa halijatumika tangu mavuno ya nyuma, limejaa majani, hakuna anayelichungulia. Baba alikuwa amenituma kupeleka kahawa kwenye ghala la chama cha ushirika, nikaondoka na baiskeli nikipiga mbinja.

Foleni ya ghalani ilikuwa ndefu. Niliporudi jua lilikuwa limeanza kulegea, na nikiwa bado barabarani nikaona moshi mwembamba unapanda kutoka kibanjani kwetu, kwenye migomba nyuma ya nyumba, mahali ninapopajua. Kwenye baiskeli nilishuka au nilianguka, sikumbuki. Jirani yetu mmoja alikuwa anaoza binti, na Baba alikuwa ameahidi kuchangia ndizi mbivu za kukamua: juisi kwa mchungaji na waumini waaminifu, rubisi, pombe ya ndizi, kwa waumini wengine. Mchana huo, mimi nikiwa ghalani, alikuwa ameleta majani mapya makavu, akayatupa juu ya yale ya zamani bila kuangalia chini, akapanga mikungu ya ndizi mbichi mpaka juu, akafunika kwa majani, akafunika kwa udongo, akawasha moto kwenye kishimo cha pembeni ili moshi na joto viingie. Ndivyo zinavyoiva. Na shimo likishafungwa halifunguliwi mpaka siku yake. Ukilifungua joto linatoka, ndizi zinabaki nusu mbichi nusu mbivu, hazikamuliki vizuri, na mtu uliyemwahidi anakutazama harusini kama mwongo. Hata watoto wadogo kwetu wanajua hilo.

Stoo nilikuta imepinduliwa. Audax alikuwa ametoa magunia karibu yote nje, ana vumbi mpaka kwenye kope, anazungumza peke yake kwamba aliiacha hapa, aliiacha hapa. Mama alikuwa ameketi kwenye gunia la mwisho, mikono mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akihangaika. Sikuwa nimejiandaa kumwona amekaa hivyo, kama alivyokaa kwenye mkeka siku ya msiba. Na mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, nikaanza na utani. Nikasema labda imekwenda kuiva. Hakuna aliyecheka. Mama akainua uso akanitazama taratibu, kisha akatazama ule moshi kupitia mlangoni, akarudi kunitazama.

"Projestus. Iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu.

Alichukua jembe ukutani. Baba alikuwa ameketi kando ya shimo na yule jirani mwenye harusi, wanapumzika, na alipomwona akadhani anakwenda kupalilia. Nilikuwa nyuma yake, na Audax nyuma yangu. Mama akainua jembe juu ya ule udongo uliosawazishwa vizuri. Baba akaruka akalishika mpini.

"Mama Proje, ukifungua sasa zimeharibika. Na mimi nimeshatoa neno kwa watu."

"Mama yangu yumo humo," Mama akasema.

Baba hakuelewa, angeelewaje. Alimtazama mwenye harusi, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, na nadhani uso wangu ulimweleza kiasi cha kutosha. Akamnyang'anya Mama jembe, nikajua mambo yamekwisha. Kisha akapiga udongo yeye mwenyewe. Moshi ukatupiga usoni sote. Nikaingia shimoni nikatoa mikungu, mmoja mmoja, ya moto kama watoto wenye homa, nikiipokeza juu, na mwenye harusi mwenyewe akiipokea, hesabu ya juisi yake ikipungua mbele ya macho yake.

Laptopu ilitoka ikiwa imetota. Ndizi zikipata joto zinatoa jasho, na nailoni ilikuwa imechanika. Uzito ulikuwa umekipasua kioo pande zote, kifuniko kimepinda, betri imevimba kama tumbo la chura. Audax aliipokea kwa mikono miwili. Nilisubiri anipige. Ningependa anipige, nasema kweli. Akaenda stoo, akakunjua kile kitambaa cheusi, na mikono yake, ile mikono, ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba bisibisi haikuingia kwenye skrubu. Akajaribu tena. Kisha akanipa bila kunitazama, akasema nifungue mimi, yeye ashike tochi. Nilifungua. Skrubu zikaja zenyewe kwenye sumaku, nyepesi, na hakukuwa na raha yoyote.

Diski ilikuwa ya aina ile ya kuzunguka. Tuliitoa, tukaifuta, lakini kuisoma kulihitaji kasha la kuichomekea kwenye kompyuta nyingine, na kwenye begi lake lenye kila kitu Audax hakuwa na kasha. Mimi nilikuwa nalo, tena bovu, nililoliokota kwenye takataka za duka moja la intaneti Kayanga, likiwa na tundu ambalo halishiki mpaka uchomeke njiti ya kiberiti pembeni. Tukaiwasha laptopu yangu. Mama akakatazwa kusogea karibu na waya. Baba akasimama mlangoni, akakatazwa naye. Tukakaa wote kama tunapigwa picha, mashine ikitukaribisha, ikitukaribisha, ikitukaribisha. Nikachomeka, nikasukuma njiti. Diski ikakoroma. Ikagonga, tik, tik, ikakoroma tena. Audax akasema kwa sauti ya chini niisukume kushoto kidogo, nikasukuma, na majina ya zile sauti yakatokea.

Tulianza na kibembelezo, kwa sababu hicho ndicho Mama alichotaka. Mstari wa kunakili ulisogea kidogo ukasimama. Tukaanza upya, ukasimama pale pale. Audax akajaribu kwa njia zake zote alizozijua, na mimi nikajaribu kwa kuomba Mungu, na kile kibembelezo hakikutoka, na hakijatoka mpaka leo. Nyingine nazo zikakataa. Moja tu ilivuka nzima. Tulipoicheza ilianza na mvua ya Kimuli juu ya bati, mvua nyingi, kisha bibi akiwa hai kabisa, amekasirika, anauliza kwa Kinyambo ni nani aliyezitia ndizi maji mengi namna hii, watu wanakula au wanaogelea. Na hicho kidude mnachonielekezea usoni mkiondoe nile. Halafu sauti ya Mama mwenyewe humo ndani, ikicheka. Na Mama wa stoo, aliyekuwa mbele yetu, akaanza kucheka pamoja na yule wa kwenye diski, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Akamwambia Audax mvua aiache.

Audax aliishi nasi hadi mtihani wake ulipoisha, kisha akarudi Bukoba. Hakuwahi kunitukana. Bisibisi zile aliniachia. Ninazo hapa, zimekunjwa, na sijui kama alinisamehe au aliona tu hataki tena kuzishika. Desemba nilitaka kumuuliza, nikaishia kumuuliza habari za chaja. Zile ndizi ziliiva nusu, harusi ikanywa soda, na Baba alishughulika nami kesho yake kwa namna ambayo sina la kuongeza. Lakini jioni ile ile, Audax alipokwenda kunawa na Baba alipokwenda kutazama mikungu yake, nilibaki na Mama stoo. Ningepaswa kuomba msamaha. Badala yake nikamuuliza kilichokuwa kimenikaa kooni tangu siku ile ya leso: kwa nini simu alimpa Audax na siyo mimi. Mama alikuwa anakunja zile waya zangu. Akazimaliza kwanza, ndipo akasema:

"Audax ni wa kuondoka. Ingemfia mkononi, ningemnunia wiki moja, angekwenda kwao na mimi ningesahau. Wewe huondoki, Proje. Ingekufia wewe, kila nikikupakulia chakula ningekumbuka. Sikutaka kuja kukupakulia na moyo huo."